Kitambaa Kibichi Juu ya Marehemu

Na ijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba asubuhi ile Mama alikutwa amekufa, ndani ya ndoo.

Mama alikuwa donge la chachu.

Inspekta hakucheka. Kila piza ya mkahawa ule, nyembamba, kingo zimeungua kidogo, ilizaliwa na donge hilo, lililolishwa unga na maji ya uvuguvugu tangu enzi za babu wa mwenye mkahawa. Sasa tanuri lilikuwa limezimwa. Jikoni palikuwa baridi, pananuka uchachu uliooza. Mezani ilibaki piza moja ya jana, ya mwisho kuokwa. Koplo aliiorodhesha kuwa kielelezo.

Inspekta alitumbukiza kidole ndooni. "Amemwagiwa maji yanayochemka. Unyama."

"Ni Sinia!" mwenye mkahawa alifoka. "Kesho naikabidhi kampuni moja mkahawa huu, nimeshawauzia. Wananunua chachu, si viti! Bila Mama hakuna mauzo."

Sinia, jirani wa ng'ambo ya barabara, muuza piza nene za kuokwa kwenye sinia, aliletwa, tumbo likimtangulia.

"Ulimuua?"

"Afande, piza zao ni karatasi iliyopakwa nyanya. Yangu ikikudondokea mguuni, unalazwa. Nimuue wa nini?"

"Wivu."

"Wivu wa karatasi?"

Inspekta alirudi kwenye ndoo. Kando yake kulikuwa na kitambaa kibichi.

"Hiki kilikuwa wapi?"

"Juu ya ndoo," alijibu mwenye mkahawa. "Kimekunjwa, kimebanwa vizuri pembeni. Nikafunua, nikamkuta hivyo."

Nywele zilimsimama Inspekta. Adui angemwaga maji akatimua mbio. Huyu aliua, kisha akamfunika marehemu asikauke.

Aligeuka taratibu. Pembeni ya tanuri alikaa Shangazi, mlishaji wa donge, mikono ameificha chini ya aproni.

"Shangazi," Inspekta alisema kwa upole, "kwa nini ulimfunika?"

Bomba lilidondosha tone. Likadondosha jingine.

"Mkono umezoea, mwanangu."

"Shangazi! Wewe?" Mwenye mkahawa alishika ukuta.

"Uliuza viti, nikanyamaza. Ukamuuza na huyu, nikasikia kwa wateja! Nilimlisha hata siku niliyofiwa na mume wangu, machozi yakidondokea unga. Leo wamtie kwenye vifuko, wambandike jina lao? Bora nimzike mwenyewe."

Hata Sinia alivua kofia.

Inspekta alitoa pingu, akazitazama, akazirudisha mfukoni.

"Afande," Koplo alinong'ona, "kielelezo hakipo."

Meza ilikuwa tupu. Macho yote yalitua kwenye kola ya Inspekta, palipong'ang'ania kipande cha ukoko ulioungua.

Inspekta alisimama wima, kama aliye kizimbani.

"Nakiri," alisema. "Nilijua sitaipata tena."

Shangazi alitoa mkono chini ya aproni, akampangusa kola.