Aliposema "Kwisha"

Foleni ya kibanda cha fundi cherehani ilijipinda mpaka kwa muuza viatu, maana shule zilikuwa zinafunguliwa kesho yake. Mwalimu wa hisabati, mgeni wa nchi, alifika mbele na koti lake la kijivu lililokatika kifungo, akaanza kulivua.

"Usivue," binti fundi alisema, sindano mkononi. "Nashonea hapo hapo. Ila usipumue."

"Nikifa je?"

"Nitakushona na wewe."

Watu wakacheka. Mwalimu akapumua, akachomwa, na kesho yake akarudi na suruali isiyokuwa na tatizo lolote.

Miezi ikapita kwa simu za "umekula, mpenzi?" na "acha uongo wako wewe!" Kiswahili alijifunza ukubwani, lakini utani aliumudu upesi. Vita vya kwao, alivyotumikia ujanani, hakuvigusa, na fundi hakumchokonoa.

Jioni moja fundi akajikaza, akampigia.

"Mama anauliza. Jumapili unakuja kujitambulisha, au napoteza muda wangu?"

Jasho likamtoka mwalimu. "Nakuja. Nakupenda. Kwisha." Kisha kimya.

Kwisha! Fundi alikata simu, akaizima kabisa, akalilia juu ya gauni la mteja.

Jumapili mwalimu alitokea mlangoni, koti limenyooka kwa pasi, macho mekundu. Mama alimpa kiti. Fundi aligoma kutoka chumbani, akawa anasema naye nyuma ya pazia.

"Si ulisema kwisha? Umefuata nini?"

"Vitani nilikuwa mtu wa redio ya mawasiliano," mwalimu alisema. "Kwetu, ukimaliza kusema unasema kwisha, ili mwenzako ajibu. Nikiogopa, linanitoka lenyewe, hata kwa Kiswahili. Nilikuwa nasubiri useme wewe."

Mama akaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Siku moja nilimwita rafiki yangu. Nikasema kwisha, nikasubiri, nikasubiri. Hakujibu tena. Ulipozima simu, nilirudi kulekule."

Pazia likafunguka. Fundi alikuwa amevaa gauni lake zuri la zambarau, amejipamba tangu asubuhi pamoja na hasira zake zote. Akachuchumaa mbele ya kiti, akamshika mikono yote miwili.

"Nipo," alisema, machozi yakimtiririka. "Nimekusikia, mpenzi wangu. Nipo. Haya, jifute uso, umwambie mama kilichokuleta."