Tanuu ya Binti Bima

Mfuko ulipasuka katikati ya stendi ya mabasi, saa ya watu kutoka kazini, na bonge la udongo likadondoka puu! miguuni pa kijana mmoja mwenye aproni nyeupe na sinia la mikate kichwani. Wewe na mimi tungetukana. Yeye alichutama, sinia halikutikisika, akalibonyeza bonge kwa kidole gumba.

"Dada, unga huu hujautia hamira. Hautaumuka mpaka kiama."

"Ni udongo, kaka."

"Alaa! Basi mumeo ana kazi ya kutafuna."

"Sina mume."

"Hapo sasa umenena."

Dada wa watu alicheka mpaka akasahau kuona haya. Alivaa sketi ya kijivu ya ofisini na viatu vya kisigino, ila viwiko vilikuwa na tope kavu. Mchana alipokea simu katika kampuni ya bima. Jioni alijifungia uani kwake, akifinyanga bakuli na vikombe. Kijana akambebea udongo hadi mlangoni. Mtaani alijulikana kama Hamira, kwa sababu kila habari aliyoigusa iliumuka. Naye papo hapo akambatiza dada huyo Binti Bima.

Simu zikaanza.

"Bima wangu, umekula?"

"Nimekula mkate wako."

"Basi tumboni nimefika. Bado moyoni."

"Moyoni ulifika jana. Kata simu, nina wateja!"

Mapenzi yalinoga hadi siku Binti Bima alipotamka kwamba anaacha kazi ili afinyange tu. Hamira, bingwa wa maneno, alikuna kichwa.

"Mpenzi, mkate watu wanaununua kila siku. Bakuli mtu ananunua mara moja, anakaa nalo mpaka anazeeka. Usiache bado."

Maneno yale yalimchoma. Mama yake naye alipiga simu akiwaka: "Mwanangu, unaacha kiti cha kuzunguka ukakae kwenye tope?"

"Hata gurudumu langu la kufinyangia linazunguka, mama."

Akaacha. Bosi wake alimwambia kiti atakitunza mpaka mwisho wa mwezi, asije akajuta. Basi matumaini yake yote yakaingia kwenye tanuu moja ya umeme: vyombo alivyoagizwa na mwenye mkahawa. Vikitoka salama, yeye ni mfinyanzi. Vikiharibika, anarudi kwenye simu za watu waliogongewa magari.

Tanuu ilizimwa jioni, ikaachwa ipoe. Kesho yake mama akapandwa na presha, Binti Bima akakimbia kumwona. Mlangoni alimwachia Hamira ufunguo. "Nitazamie tanuu, mpenzi." Hakuongeza neno.

Aliporudi alisikia sauti tangu getini. Ting. Ting. Mlango wa tanuu ulikuwa wazi, joto likimwagika, na vyombo vyake, vilivyopigwa na baridi ya ghafla, vilikuwa vikipasuka vyenyewe, kimoja baada ya kingine. Hamira alisimama kando, vidole vimeungua, anatabasamu.

"Nimeviokoa! Viko humo tangu jana, vingeungua!"

"Kumbe hukutaka niache kazi tangu mwanzo," alisema Binti Bima, machozi yakimtoka. "Hongera. Umeshinda."

Hamira akaweka ufunguo mezani, akaondoka.

Simu zake hazikupokelewa. Mwezi ukaelekea ukingoni, Binti Bima akavaa tena ile sketi ya kijivu. Akiwa njiani kwenda kwa bosi akapita kiwanda cha mikate alikofanya kazi Hamira, kurudisha sinia alilolisahau kwake, maana ugomvi si wizi.

Hamira hakumwona. Alikuwa mbele ya tanuri, jasho linamtiririka, anachomoa mikate mbio, vidole vikiwa bado na vitambaa. Mmoja ulichelewa kidogo tu. Ukatoka mweusi, akautazama kwa uchungu kama mtu aliyefiwa. Hapo Binti Bima akaelewa, na moyo ukamuuma. Kwa huyu, kuacha kitu motoni ni kukiua. Kumbe alifungua tanuu kwa kumpenda.

"Nilikwambia utazame," alisema. "Sikukwambia usiguse. Nisamehe."

Hamira aligeuka. "Mimi ndiye wa kusamehewa. Nilivunja ndoto yako kwa mikono hii."

"Ulivunja vikombe. Udongo upo." Akatoa simu palepale. "Bosi, shikamoo. Kile kiti mpe mwingine."

Mwenye mkahawa akakubali kungoja, Binti Bima akafinyanga vyombo vingine. Tanuu ikawashwa tena, ikazimwa tena, na Hamira akaketi kwenye kigoda mbele yake, mikono kwapani, hata kuikaribia haikaribii.

Asubuhi ya siku ya tatu, tanuu imepoa kabisa, Binti Bima akafungua.

Lo! Vyombo alivipaka tope la kijivu la kung'arishia, kwa mikono yake mwenyewe. Sasa vilikuwa vya buluu nzito, na kijani kikitiririka ukingoni, vinang'aa kana kwamba bado vina maji. Hamira alivua kofia taratibu, kama aliyeingia mahali pa ibada.

"Rangi hii ilikuwa wapi?"

"Sijui," alinong'ona Binti Bima. "Wallahi sijui. Ilikuwa humohumo."

Kisha Hamira akasema kwa sauti ndogo isiyo yake, "Bima wangu, nimejifunza kungoja. Lakini hili siwezi. Utakubali nikuoe?"

Binti Bima alitabasamu, akachukua kikombe cha mbele, akakiweka kwenye kiganja cha Hamira chenye makovu.

"Shika," alisema. "Kimepoa."