Aliyekanyaga Klachi Pale Ndalu

Sogeeni karibu na moto, wajukuu wangu. Wewe unayetafuna muhindi, meza kwanza. Hiyo redio zimeni. Haya yalimpata Nelima, binti wa marehemu dada yangu, na mimi huwa siyasemi mara mbili.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Jua lilikuwa limewaka Kitale, watu wako kwa mashamba wanapalilia. Nelima alikuwa ameenda kuchukua mwili wa bwanake, Wanyonyi. Walimpata nyuma ya duka lake, kichwa kimepasuliwa kama boga. Aliyempasua hakujulikana.

Jeneza likapakiwa kwa pikapu ya Wanyonyi mwenyewe. Usukani akashika mdogo wa marehemu, Wabwile, fundi wa magari pale Kanduyi. Safari ilikuwa ya Mabanga, ambako kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Na kwetu mnajua, kaburi likishachimbwa halilali wazi. Nelima aliomba kitu kimoja tu: amfikishe mume wake nyumbani kabla jua halijatua.

"Shemeji, ongea naye," akasema walipotoka mochari. "Mwambie tunaenda nyumbani. Ndugu ndiye husema."

"Ati niongee na sanduku? Wacha hizo, bana."

Wakashika njia. Kwetu, kila mkifika mtoni ndugu humwambia marehemu, "tunavuka." Wabwile alivuka tu, mdomo ameufunga.

Karibu na Ndalu gia zikaanza kukwaruza. Akitaka ya tatu, inakataa. Ya pili, inalia kama mfupa unaosagwa. Akaegesha kando ya shamba la mahindi.

"Anakataa," Nelima akanong'ona. "Shemeji, tafadhali. Mwambie."

"Mimi ni fundi, sio mganga!"

Akavuta hendibreki, akalazimisha gia ya nne, akaachilia klachi. Injini ikazima papo hapo. "Unaona? Haitelezi. Bamba la klachi liko sawa." Gari likiwa limezimwa, akajaribu gia zote. Zikaingia laini kama kisu kwa siagi. Akawasha. Zikakwaruza tena. Akacheka, lakini jasho lilikuwa linamtoka. "Basi klachi haiachii. Ni mafuta yamepungua huko chini, ama ule mkono wa kuisukuma klachi umepinda."

Akaacha injini ikinguruma, gia imetolewa. Akasukuma jiwe mbele ya gurudumu. Akajitandikia gunia, akaingia chini ya gari.

"Shemeji! Panda hapo kwa kiti. Nikisema kanyaga, unakanyaga klachi."

Nelima hakumsikia. Alikuwa nyuma, mkono juu ya jeneza, anaongea na mume wake. "Baba Kevin, mimi ni mwanamke tu, lakini nakwambia. Tunaenda nyumbani. Kama kuna kitu kimekukwaza, kimalize hapa."

Kutoka chini, sauti ya Wabwile: "Kanyaga!"

Nelima akazunguka mbio kwenda mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Kiti kilikuwa kitupu.

Pedali ikashuka. Yenyewe. Mpaka chini.

"Hapo sawa! Achilia!"

Ikapanda.

"Kanyaga tena, shemeji! Mbona inafanya vizuri sasa?"

Ikashuka. Nelima akarudi nyuma mpaka barabarani.  Kijiti cha gia kikatikisika, kikaenda mbele. Gia ya kwanza. Haikukwaruza hata kidogo.

Hendibreki ikalala.

Wabwile akaviona viatu vya Nelima pale nje, barabarani.

"Shemeji," akasema polepole. "Ni nani ako kwa gari?"

Pedali ikapanda, gari likasogea. Jiwe likaruka. Gurudumu likampanda paja, na mfupa ukalia hadi ng'ombe wa jirani wakakimbia.

"Wanyonyi! Nisamehe! Ni mimi! Nilikupiga na spana! Nilitaka hii gari, ndugu yangu, ni mimi!"

Pedali ikashuka. Gari likasimama.

 Nelima alimsikia Wabwile akipumua, akilia, akimshukuru Mungu.

Kisha pedali ikaachiliwa. Polepole, vile dereva mzuri huachilia ili abiria wasishtuke. Gurudumu likapanda tumbo. Likapanda kifua. Likafika kichwani, likapasua, na injini ikazima.

Polisi walipomaliza, mtu wa Ndalu aitwaye Kipketer ndiye aliwapeleka. Alishangaa njia nzima. "Mama, nani alisema hii klachi ni mbaya?" Wakafika Mabanga jua lingali juu ya miti.

Siku ya kunyoa nywele za matanga, wazee wakagawa mali ya marehemu. Shamba likabaki kwa Nelima. Phelista, kitinda mimba wa Nelima, akapewa ng'ombe mwekundu na ndama wake. Duka la Kitale akapata Kevin. Vyombo vya kazi vya Wabwile vilikataliwa na watoto wake wenyewe, vikatupwa kwa choo cha shimo.

Pikapu nayo ni ya Kevin, lakini hajawahi kuiwasha. Iko pale Mabanga juu ya matofali, haina magurudumu, milango imefungwa kwa waya. Mwaka jana aliifungua akaivalisha pedali ya klachi raba mpya, akafunga tena.

Majuzi nilichungulia kwa kioo. Ile raba imeshalika. Imebaki na alama ya vidole vya mguu, vyote vitano.