Lete, Nikupokee

Mizigo yote ilikuwa imeshushwa, hata vile vidumu viwili vya petroli, na bado pikipiki ya Hilari ilikuwa imebonyea nyuma kama vile mtu mnene amekaa kwenye siti na hataki kushuka.

Hilari akachuchumaa, akakagua shokapu. Zilikuwa mpya, amezifunga mwenyewe kwa ajili ya safari. Akaishika siti kwa mikono miwili, akajaribu kuiinua. Haikuinuka hata kidogo.

"Latifu, hebu njoo uone."

Abdulatifu, muuza asali wa sokoni na rafiki yake tangu shule ya msingi, alikuwa ametandaza ramani juu ya jamvi pale uani kwa Hilari, mtaa wa Cheyo. Safari hiyo waliipanga mwaka mzima, mpaka wake zao wakachoka kuisikia: Tabora, Manyoni, Dodoma, Mpwapwa, halafu waipande milima ya Rubeho, wateremkie Kilosa, waizunguke Uluguru na kumalizia Bagamoyo, miguu ndani ya bahari. Njia ya wapagazi, ndivyo walivyoiita, na walilitamka jina hilo kwa majivuno ya watu ambao hawajawahi kubeba gunia. Siku hiyo walikuwa wametoka kuzijaribu pikipiki zikiwa na mzigo kamili, kwenda Tura na kurudi.

"Mbona imelala hivi, umepakia nini?" Abdulatifu akauliza. Halafu akakunja uso. "Na nini kimeoza hapa?"

Hilari naye alikuwa ameshaisikia. Ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa ndani ya kitu kilichozibwa, na chini yake kulikuwa na utamu fulani, na huo utamu ndio uliochefua zaidi. Alidhani amekanyaga mnyama njiani. Akalala chali chini ya pikipiki, akachungulia. Hakuona damu wala unyoya. Ila tone moja lilimwangukia mdomoni, zito, la uvuguvugu, na kama ambavyo mtu yeyote angefanya, alililamba kabla hajafikiri.

Alitapika palepale, na tone la pili likamwangukia shingoni akiwa bado anatapika.

Mke wake, Dafrosa, aliiosha ile pikipiki kwa sabuni ya unga, akaisugua kwa majivu, akaimwagia maji ya moto. Ilikauka, na baada ya muda ikaanza tena kutoka jasho la manjano kwenye siti, mafuta mazito yanayovutika ukiyagusa. Nzi wakaja. Si nzi wa kawaida wa uani wanaofukuzika kwa kanga. Hawa walikuwa wa kijani, wanene, wavivu, ukiwapunga wanasogea kidogo tu kwa dharau. Majirani wakasema choo cha Hilari kimejaa, na wengine walisema kwa sauti makusudi asikie.

Lakini la chakula ndilo lililomvunja. Dafrosa alisonga ugali, akaweka na mlenda, wakanawa. Sahani ya Dafrosa ilikuwa safi. Hilari alikata tonge, akalifinyanga, na tonge likajifinyanga tena lenyewe ndani ya kiganja chake. Alipolifungua, lilikuwa limejaa funza weupe, wanene, wanaosukumana. Dafrosa akamkatia tonge la sahani yake, akamwekea mkononi. Likaanza kutambaa.

"Usiniangalie," Hilari akanong'ona. "Kula wewe. Mimi nimeshiba."

Hakuwa ameshiba, na hakushiba tena siku zilizofuata. Maji aliweza kuyanywa, kwa kubana pua. Kila kitu kingine kilitembea.

Akaamua kuiondoa pikipiki nyumbani, aipeleke kwenye stoo ya Abdulatifu. Alipoisukuma mpaka getini, saa saba hiyo ya mchana, jua kali, watu wanapita, ile pikipiki ikalia kwenye springi zake na kuinuka, ikawa nyepesi kama inavyotakiwa kuwa. Hilari akacheka kwa furaha. Halafu bega lake la kulia likashuka. Kitu kirefu, kizito, cha mviringo, kilikuwa kimekaa pale kati ya shingo na bega, na kile kitu kilikuwa na unyevu, na ule unyevu ulikuwa unamchuruzikia taratibu kifuani, ndani ya shati, tumboni, mpaka kwenye mkanda wa suruali, na alipopeleka mkono kukitupa, mkono ulipita hewani tu na kurudi ukinuka.

Dafrosa hakungoja zaidi. Alimpeleka Ipuli kwa Bi Doto, mwanamke anayeuza ugoro na anayejua mambo ya majini kuliko anavyopenda kujua. Mama huyo aliwaona wakiwa bado barabarani, akasimama mlangoni na kuweka mkono mbele.

"Shikamoo, Bi Doto," Dafrosa alisema.

"Marahaba. Huyo asiingie. Nimetandika mkeka mpya." Akatema mate pembeni. "Kijana, ulisema nini, na ulikuwa wapi uliposema?"

"Sijasema kitu, mama."

"Umesema. Vitu hivi havipandi bega la mtu aliyenyamaza. Kumbuka vizuri."

Hilari akakumbuka, na akaona aibu. Siku ile wakitoka Tura, walisimama porini, akaingia vichakani kujisaidia haja ndogo. Akiwa katikati ya haja yake alisikia mtu akimkaribia kwa nyuma, anahema, miguu inaburuta kwenye majani makavu. Sauti ikasema, kwa unyonge sana: "Ndugu yangu, nipokee. Bega limekufa."

"Ukamjibu?" Bi Doto akauliza.

"Nilimjibu tu kama watu wanavyojibiwa. Nilisema, 'Lete, nikupokee.' Hata sikugeuka, nilikuwa nafunga zipu. Akasema, 'Haya, pokea.' Nilipogeuka hapakuwa na mtu."

Bi Doto akafumba macho. Nani Tabora angejibu vingine? Mtu akija na mzigo unampokea. Mtoto hajajua kuhesabu anajua kusema lete nikupokee. Mgeni akiingia na mfuko wake na asiambiwe hivyo, ataondoka akilalamika mpaka kwao. Ni adabu ya mji, na yule aliyekuwa anatembea vichakani aliijua vizuri sana.

"Hiyo ni pembe," Bi Doto alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Pembe ya tembo ikitolewa mbichi ina nyama ndani. Enzi za misafara ya pembe wenye mali walikuwa na haraka, hawakungoja nyama ioze itoke. Mpagazi aliitembeza hivyohivyo, inamtiririkia. Huyu wako alianguka kabla hajafika milimani, wakamwacha. Jini likaukuta mzigo, likajifunga ndani yake. Sasa halitaki damu wala ubani. Linataka kufika."

"Basi nitalifikisha. Nina pikipiki, na safari yenyewe ilikuwa..."

"Pikipiki!" Bi Doto alicheka bila furaha. "Mzigo huu unakwenda kwa miguu, mwanangu. Milima yote, mpaka kwenye maji ya chumvi. Ukiangukia njiani, utakuwa wewe unayehema vichakani. Au apatikane mtu wa kukupokea. Aseme mwenyewe kwa mdomo wake, na wewe umwambie pokea. Mkishasema hivyo hakuna dawa yangu inayorudisha."

Akawafungia mlango.

Njiani Hilari alimshika mkono mkewe. "Mama Elieth, usije ukalisema hilo neno. Hata nikilia. Hata nikikupigia magoti."

"Silisemi."

"Nitakwenda kwa miguu. Nikifa, nife nao. Sitamtwisha mtu uchafu huu, naapa mbele ya Mungu."

Alimaanisha. Tusimwonee, siku hiyo alimaanisha kabisa. Binti yao Elieth alikuwa bweni, na walikubaliana asiambiwe. Abdulatifu aliambiwa kwa simu, na hakukanyaga tena Cheyo. "Ndugu yangu, mimi ni mtu wa dukani," alinong'ona. "Neno hilo nalisema kutwa nzima, linanitoka hata usingizini. Nikikuona umeinama hivyo litanitoka. Nisamehe." Hilari alimsamehe. Alizikwangua ramani zile jamvini, maana mafuta yalikuwa yamezigandisha, akaitafuta milima ya Rubeho kwa kidole, na kila alipogusa paliacha doa.

Bega lilikuwa limechimbika. Ngozi ilikuwa imelegea na kugeuka rangi, ikafanya mfereji, na ndani ya mfereji nzi walikuwa wanatua na kutaga, na usiku na mchana alisikia kile kitu kikicheza ndani ya ile pembe asiyoiona, kikigonga ukuta huku na huku kila alipopiga hatua, chopo, chopo, kama uji ndani ya kibuyu, na baadaye kikaanza kuhema sikioni kwake, pumzi ya moto yenye ule utamu, kikimwambia twende, twende, jua linapanda.

Dafrosa alimpigia simu mama yake Hilari, Mama Katarina, kule Tura, aje kumuaga mwanawe. Alisema tu kwamba Hilari ni mgonjwa. Mambo mengine mzazi haambiwi kwenye simu. Angemweleza yote stesheni ya treni, amfundishe la kusema na la kutosema kabla hawajafika nyumbani. Kwa hiyo asubuhi ile alikwenda stesheni kumngoja.

Mama Katarina alikuja kwa basi.

Hilari alikuwa amesimama uani, fimbo mkononi, viatu vimefungwa, tayari kuondoka. Geti likafunguliwa. Mama yake akaingia na mfuko wa karanga kichwani, akamwona mwanawe aliyekonda, aliyepinda upande mmoja, bega limemfika karibu na kiuno. Hakuona mzigo. Lakini mwanamke aliyebeba kuni na maji maisha yake yote anajua mtu aliyeelemewa. Aliutua mfuko wake chini mwenyewe, akamwendea mikono mbele.

"Jamani, mwanangu! Lete, nikupokee."

Nzi walinyamaza. Hilari aliitazama mikono ile, mishipa imesimama, kucha zina udongo wa shamba. Alijua kilichotakiwa. Alitakiwa kusema hapana, mama, neno dogo tu. Alilitafuta. Kile kitu kikacheza mara moja sikioni mwake, na njaa ikamkata tumbo.

"Haya," alisema. "Pokea."

Dafrosa alifika getini akihema, na akalisikia.

Bega la Hilari likapanda lenyewe. Alivuta pumzi, na hewa ilikuwa na harufu ya moshi wa kuni na ya udongo uliomwagiwa maji, safi, tamu, akaivuta tena na tena. Mama yake alikuwa amekaa chini pale alipokuwa amesimama. Alijigusa bega, akaunusa mkono wake, akageuza uso pembeni kutapika.

"Mama Elieth," Hilari alisema, bila kumtazama mtu. "Kuna chochote cha kula?"

Dafrosa hakusogea. Machozi yalikuwa yanamtoka na midomo imemkauka.

"Mpe, mkwe wangu," Mama Katarina alisema kutoka pale chini, akipunga nzi usoni. "Hata kiporo. Huoni alivyokonda?"

Kiporo kilikuwepo, maharage na ugali wa jana. Hilari alikata tonge, akalitazama kiganjani. Lilitulia. Akala huku mama yake akikohoa uani, akala mpaka akasafisha sahani kwa kidole, kisha akainyoosha kwa mkewe ili amwongeze.