Siku Bihogo Alipotetemeka

Kila asubuhi, kabla wajukuu wangu hawajaenda shule, tunakamua. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, tuna ng'ombe mmoja tu. Jina lake Bihogo, kwa ajili ya rangi yake ya kahawia iliyoiva. Mimi hukamua, Ikirezi humshika ndama, na Élyse hufukiza kibuyu cha maziwa kwa moshi wa nyasi. Wasichana hawa ni watoto wa wanangu wawili. Wote wana miaka kumi na mitatu, wote wako darasa la sita, lakini hawafanani hata kidogo. Huniita Nyogokuru, yaani bibi, kama nami nilivyomwita bibi yangu kule kwetu, milimani Kivu ya Kusini.

Asubuhi moja niliwategea huku maziwa yakilia ndooni.

"Kitendawili."

"Tega."

"Bibi harusi mweupe, chumba chake cheusi, tena kinanuka moshi."

Ikirezi hakuningoja hata nivute pumzi. "Maziwa ndani ya kibuyu."

"Mimi nilitaka kusema jino," alisema Élyse taratibu.

"Jino la nani linanuka moshi? La jirani Mzee Ezira na kiko chake?" Ikirezi alicheka mpaka ndama akamponyoka.

Ndivyo walivyokuwa. Ikirezi alikuwa mwepesi kama kichaka kinachoshika moto, ila daftari zake zilikuwa tupu. Élyse alisoma kila kitu: gazeti lililofungiwa sabuni, mfuko wa unga, hata matangazo yaliyobandikwa kule Kabazana wanakopokelewa wageni. Alisoma akisogeza kidole, na neno la Kiingereza asilolijua alilitafuta katika kamusi yake iliyokwisha kupoteza jalada.

Asubuhi hiyo hiyo Ikirezi akaniambia, "Nyogokuru, mwaka huu ukiisha, mimi naacha shule."

"Kwa nini, mama?"

"Mjomba Anatole alimaliza masomo, diploma yake iko ndani ya bahasha, na leo anaendesha boda. Mama Pulchérie hajui kuandika jina lake, na duka lake la vitenge lina milango miwili. Mtu akiwa na akili, shule ya nini?"

Nikaendelea kukamua.

Jumamosi tulikwenda mjini Mbarara, mimi na Ikirezi, kununua dawa ya kupe, maana kupe walikuwa wamemjaa Bihogo masikioni na chini ya mkia. Mwenye duka, mama mmoja mpole, alianza kutueleza namna ya kuichanganya na maji. Ikirezi akaipokea chupa kabla hajamaliza.

"Tunajua, mama. Sisi ni watu wa ng'ombe."

Ningemkanya, lakini moyo wangu uliona fahari. Ni kweli, sisi ni watu wa ng'ombe. Tuliondoka bila kusikia mengine.

Jumapili baada ya ibada nilipita shambani kuchuma maharagwe, na Ikirezi akabaki kumpulizia Bihogo dawa. Niliporudi, saa nane mchana, nilimkuta ng'ombe wangu anatetemeka mwili mzima. Mate yalimtoka kwa nyuzi ndefu mpaka chini, na miguu ya nyuma ilikuwa inalegea. Alikuwa na ndama mdogo, na maziwa yake ndiyo yaliyotulisha. Nikapiga yowe.

Jirani yetu Mzee Ezira alikuja mbio. Huyo amechunga tangu hajaota ndevu. Alimpapasa Bihogo shingoni, akatikisa kichwa.

"Ni amashuyu," alisema, akimaanisha ule ugonjwa wa kupe unaovimbisha tezi. "Leteni moto. Tutamuchoma fasi hii na hii, atapona."

Nami sikushangaa, maana ndivyo baba zetu walivyofanya. Ng'ombe wengi wa utoto wangu walikuwa na makovu ya chuma shingoni. Mzee Ezira akatia chuma motoni, kikaanza kuwa chekundu.

Ikirezi alisimama kando, macho yakienda kwa Bihogo, kisha kwa ndama, kisha kwa Bihogo tena. Nilimjua mjukuu wangu. Alikuwa anategua kitu. Mwishowe akanivuta kitenge.

"Nyogokuru, si ugonjwa. Asubuhi alikula vizuri. Ametetemeka baada ya dawa. Ndama sikumpulizia, na mtazame, anarukaruka."

"Ulitia dawa kiasi gani?"

Akainamisha kichwa. "Vifuniko vitatu kwenye ndoo. Kupe walikuwa wengi, nikaona ikiwa kali watakufa upesi. Sikusoma chupa." Machozi yakamtoka. "Na sijui cha kufanya."

Élyse alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka na chupa mkononi na kamusi kwapani, akachuchumaa pale pale, kidole kikaanza kutembea juu ya maandishi madogo.

"Ng'ombe anakufa na ninyi munasoma?" alisema Mzee Ezira. "Mutoto, toka hapo." Alikuwa amekwisha kushika chuma kwa kitambaa.

Sauti ya Élyse ilitetemeka kuliko ng'ombe, lakini hakuondoka. "Babu, tafadhali, weka chuma chini. Imeandikwa kifuniko kimoja kwa ndoo nzima. Imeandikwa, mnyama akitetemeka na kutoa mate, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, akae kivulini, na daktari wa mifugo aitwe haraka."

Mzee Ezira alimtazama mtoto, akamtazama ng'ombe, akatazama chuma chake. Kisha akakitupa kwenye majani mabichi.

"Basi maji iko wapi?" alisema.

Anatole alipiga simu, akawasha boda yake akaenda Masha kumchukua daktari. Majirani walileta madumu yao ya maji. Ikirezi alimsugua Bihogo mpaka mikono ikamwuma, na Mzee Ezira naye alisugua upande wa pili, akimwimbia ng'ombe polepole wimbo wa kunyweshea ambao nilikuwa sijausikia tangu tuondoke milimani.

Daktari Yudita alishuka kwenye boda na mkoba wake. "Nani alichanganya hii dawa?"

Ikirezi alisogea mbele, sabuni imemjaa mpaka viwiko. "Ni mimi."

"Ulipima na nini?"

"Na macho."

Yudita hakumcheka. Alimwuliza kiasi, na saa, na Ikirezi akamjibu yote bila kupunguza. Ndipo akachoma sindano. "Muliosha vizuri," alisema. "Kama mungechoma na chuma, saa hii mungekuwa munagawa nyama."

Kabla ya jua kuzama Bihogo aliacha kutetemeka, akanyoosha ulimi akatafuta nyasi. Siku kadhaa tulimwaga maziwa yake, kama daktari alivyoagiza, lakini alikuwa hai.

Jioni ile Ikirezi hakutaka kula. "Nyogokuru, kumbe akili yangu haina kazi."

"Akili yako ndiyo iliyojua kwamba si ugonjwa," nikamwambia. "Usomaji wa Élyse ndio uliotuambia la kufanya. Kimoja kingekosekana, Bihogo asingekuwepo. Sasa kaeni hapa, wote wawili."

Nikawasimulia habari za baba yangu. Kwa akili, sijaona mtu wa kumzidi. Alijua nyayo za kila ng'ombe wake. Alitupia kundi jicho moja, akakwambia ni nani hayupo. Lakini hakujua kusoma. Mwaka mmoja karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa kanisa: ugonjwa unakuja, ng'ombe wote washushwe bondeni siku fulani wapate chanjo. Mimi nilikuwa darasa la nne. Niliisoma yote, kisha nikanyamaza. Nani angemfundisha baba mambo ya ng'ombe? Siku ya chanjo, yeye alipanda na kundi juu zaidi kutafuta majani. Walikuwa ng'ombe thelathini. Ugonjwa ulipopita walibaki wanne, na kwa kukosa karo shule yangu ikaishia pale.

"Siwezi kuwaahidi duka wala ofisi," nikasema. "Anatole analijua hilo kuliko mimi. Ila mwenye akili asiyejifunza hubahatisha, na siku moja atabahatisha kwa kitu anachokipenda."

Jumatatu Ikirezi alikwenda shule, na tangu siku hiyo hajataja tena kuacha. Mimi nina miaka sabini na moja. Nikifumba macho bado naiona karatasi ile, maandishi yake meusi na mhuri wake wa buluu, na naweza kuisoma yote. Jifunzeni, wajukuu wangu. Na mkishajua, semeni.