Nilimficha Baba Ile Simu Kutoka Silibwet

Mimi ni Akinyi, msichana wa miaka ishirini na minne. Aya hii ya kwanza nimeifuta mara sita... Ndivyo nilivyo. Kitu kisipokaa sawasawa, sipati amani. Tabia hiyo imenigharimu, wasomaji wenzangu!

Sisi asili yetu ni upande wa ziwa, lakini baba alichuna majani chai Kericho kwa miaka mingi. Nilipokuwa mtoto mdogo kulitokea vurugu za kikabila, na majirani wakageukana. Mzee Rono wa Silibwet, rafiki yake baba, alituficha kwake siku tisa. Tuliondoka kwa haraka hata baba hakumwambia asante. Jambo hilo lilimkaa rohoni miaka yote.

Basi nikaamua kumrudisha baba huko, apumzike siku tatu. Nilikuwa nimejifunza mwenyewe, kwa simu tu, kupanga safari na kupiga video. Nilitaka kuanzisha biashara ya kutembeza wageni, na safari hii ingekuwa mfano wangu. Niliandika ratiba ya kila saa. Mzee Rono nilimweka siku ya tatu asubuhi, awe kilele!

Baba aliomba tuanzie kwake. Nikamwambia atulie, amekuja kupumzika.

Siku ya kwanza tulikula mjini Litein. Baba alipokwenda kunawa mikono, simu yangu ikalia. Alikuwa mke wa Mzee Rono, ambaye nilikuwa nimempa namba yangu.

"Wewe ndio ule msichana ya Baba Akinyi? Mkuje leo, mama. Mzee hayuko sawa. Anauliza huyo baba yako tu."

Nikasema tutafika kesho kutwa. Akajibu, "Haya. Mungu anajua."

Baba aliporudi aliniuliza nani alikuwa anapiga. Nikasema ni watu wa hoteli...

Kwa nini nilidanganya? Nilijiambia kwamba wazee huugua na kupona. Ukweli ni kwamba kesho yake tulikuwa na miadi ya kuonja chai kiwandani, na niliogopa ratiba kuvunjika. Ratiba! Karatasi tu!

Huko kiwandani kijana mmoja alitufundisha kuvuta chai kwa kelele, kisha kuitema. Baba alicheka mpaka machozi. "Nimechuna hii kitu miaka ishirini, leo ndio nafundishwa kunywa?" Watu wote wakacheka. Mimi nilipiga video, nikiomba simu isilie tena.

Kufika saa sita sikuweza kuvumilia tena. Nikamwambia baba twende Silibwet siku hiyohiyo. Sikumwambia sababu. Tulipofika, mvua ilikuwa inamwagika na mto umefunika daraja la kwenda kwa Mzee Rono. Mwendesha boda aliniangalia viatu, akacheka.

"Madam, huku mtu anatembea asubuhi. Mvua ya mchana haiulizi umepanga nini."

Baba akasema hakuna haraka, tutakuja kesho. Angejua, si angezunguka kwa miguu hata kama goti linamuuma?

Asubuhi maji yalikuwa yamepungua, tukavuka, tukakuta gari limesimama uani kwa Mzee. Mzee Rono alikuwa amepigwa na kiharusi alfajiri, na vijana wa pale nyumbani walitaka kumpeleka hospitali. Macho yalikuwa wazi, lakini hakumtambua mtu.

Mkewe alimshika baba mkono. "Jana alikuwa anaongea vizuri, Baba Akinyi. Alikaa hapa nje akikungoja. Si nilimwambia msichana yako juzi?"

Baba alinigeukia. Aliniangalia, kisha akanipa mgongo... Afadhali angenipiga!

Alipiga magoti kando ya godoro akamwambia rafiki yake, "Kongoi. Kongoi mising." Asante sana, kwa lugha ya Mzee Rono mwenyewe. Alirudia, akarudia, mpaka vijana wakamwomba asogee wamnyanyue mgonjwa.

Mzee Rono alifariki siku nne baadaye, bila kusema neno.

Wasomaji wenzangu, mkisikia mgonjwa anawaita, nendeni siku hiyohiyo, mkiwa na matope, mkiwa hamjajiandaa. Na ujumbe wa mtu mwingine si wako kuukalia. Ufikishe! Nimemwomba baba msamaha, na amesema amenisamehe. Lakini zamani hakukuwa na jioni iliyopita bila yeye kunisimulia habari za Kericho. Sasa hataji hata jina la mahali hapo, na mimi sina uso wa kumwuliza.