Aliyeuliza Ukoo Akaficha Wake

Ruweyda alilishika kaa la moto kwa koleo, akalitumbukiza ndani ya kibuyu, akakifunika na kuanza kukitikisa. Moshi mtamu ukapenya pembeni mwa kifuniko. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kila alasiri akitoka shuleni: kufukiza vibuyu, ili maziwa ya ngamia ambayo mama yake huyauza sokoni Garissa yasichache upesi. Viwili vilikuwa tayari. Vingine vilisubiri ukutani.

Simu ya mama, iliyokuwa mkekani, ikatetema.

Ruweyda alishtuka hata kibuyu kikamponyoka. Kifuniko kikafunguka, kaa likabingirika karibu na mkeka.

"We! Unataka kutuchoma?" Hinda, dada yake mkubwa, aliruka na kulirudisha kaa jikoni. "Ama umemwona jini?"

"Mkono umeteleza tu."

"Mkono wako unateleza wiki nzima, walahi. Chakula huli, usingizini unaweweseka."

Hinda akarudi kwenye simu yake kuukuu, ambamo alikuwa akicheza Ngome Saba. Ulikuwa mchezo wa kubuni wenye majitu na wachawi. Mchezaji hujenga kuta, huweka akiba ya nafaka, kisha hungoja zamu yake. Haukuhitaji mtandao. Ruweyda alizoea kuucheka. "Mchezo wa wazee huo," alikuwa akisema. "Jitu lako linafikiri mpaka chai inapoa."

Yeye alipenda Mashujaa Milioni, uliochezwa mtandaoni na watu wa nchi nyingi kwa pamoja. Aliucheza kwa siri kwenye simu ya mama. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa bure. Mwezi wa pili mlango ukafungwa: lipia kila mwezi au toka. Ruweyda hakuwa na pesa, wala hakuthubutu kumwomba mama. Ndipo mchezaji mmoja wa kikosi chake, aliyejiita Radi, alipomwandikia kwa Kisomali: "Usihuzunike, dada mdogo. Nimekulipia."

Kisha akauliza, "Wewe ni binti wa nani?"

Swali hilo Ruweyda alilijua tangu utotoni. Mgeni akifika kwao, hata kabla chai haijamiminwa, huulizwa ukoo wake. Naye hutaja jina la baba, la babu, la baba wa babu, akaenda juu hivyo hivyo mpaka wenyeji wajue wanakutana naye wapi. Baba yake, Hirsi, dereva wa lori la mifugo la njia ya Mandera, alimfundisha kuyataja majina hayo bila kukwama. Basi akayaandika yote kwa fahari: Ruweyda Hirsi Kulow Yarrow, akaendelea hadi juu kabisa.

Hakufikiri kwamba kwa watu wake majina hayo ni njia ya kufika nyumbani. Anayeyajua huuliza watu wawili watatu tu, akajikuta mlangoni kwako.

Siku chache baadaye maneno ya Radi yalibadilika. Alitaka namba ya siri ya pesa za simu ya mama. "Ukikataa, nitakuja. Nitawaambia watu wa kwenu kwamba binti wa Hirsi hupokea zawadi za wanaume mtandaoni."

Sasa Ruweyda aliiinamia simu, akasoma: "Niko Garissa. Nimeshaulizia nyumba yenu. Nipe namba kabla ya magharibi."

Jua lilikuwa limeshagusa bati la nyumba ya jirani. Mama alikuwa amerudi kutoka sokoni, akaiacha simu na kutoka tena kununua vijiti vya kufukizia. Je, mtu huyo amekutana naye njiani?

Mlango wa bati ukagongwa. Ngo! Ngo! Ngo!

Hinda akainuka. Ruweyda akamshika vazi kwa mikono miwili.

"Usifungue! Nakuomba, Hinda. Ni yeye."

"Yeye nani?"

Mlango ukagongwa tena, kwa nguvu zaidi. Ruweyda akajibanza ukutani, nyuma ya vibuyu, akajiziba mdomo ili asipige kelele.

"Mmelala saa hii?" sauti ikaita kutoka nje. "Mikono yangu imejaa vijiti. Nani atanifungulia?"

Alikuwa mama.

Mama yao, Abshiro, alipoingia na kumwona binti yake akitetemeka, alivitua vijiti chini.

"Hooyo," Ruweyda alilia, kwa neno la Kisomali la kumwita mama, "kuna mtu anakuja." Na hapo akaeleza yote.

Mama hakufoka. Alinawa mikono, akaketi mkekani, akauliza jambo moja moja.

"Namba ya siri umempa?"

"La, hooyo."

"Picha yako?"

"La."

"Alhamdulillahi. Ulipomtajia baba zako, yeye alikutajia wake?"

Ruweyda akafikiri. Hilo hakuwa amelifikiri hata mara moja. "Hakutaja."

"Hata baba yake?"

"Hata baba yake. Anaitwa Radi tu."

"Radi bin Mawingu," Hinda akasema, lakini hakuna aliyecheka.

"Hinda," mama alisema, "yapige picha maneno yote haya kwa simu yako. Usibakishe hata moja. Mwoga hufuta nyayo zake."

Hinda alipomaliza, mama akaisogeza simu yake mdomoni, akarekodi kwa sauti ya utulivu: "Assalamu aleikum. Mimi ni Abshiro, mama yake Ruweyda. Uliuliza ukoo wetu, ukapewa. Kwetu anayeuliza hutaja na wake. Mtaje baba yako na babu yako, wazee wetu waje kuzungumza na wazee wenu."

Akautuma ujumbe huo. Alama ikaonyesha kwamba umesikilizwa. Radi akaanza kuandika, akaacha. Akaanza tena, akaacha tena. Kisha maneno ya vitisho yakaanza kufutika, moja baada ya jingine, na mwishowe jina lenyewe likatoweka kwenye kikosi.

"Amekimbia?" Ruweyda aliuliza kwa sauti ndogo.

"Amejificha, kama alivyokuwa amejificha tangu mwanzo. Sijui kama yuko Garissa kweli. Namba ya siri nitaibadilisha sasa hivi, baba yako nitampigia leo, na kesho asubuhi tutazipeleka picha hizi polisi."

"Na akija?"

"Akija atatukuta wengi. Alikuwa mkubwa kwa sababu wewe ulikuwa peke yako."

Ruweyda akainamisha kichwa. "Utanipiga?"

Mama akakiokota kibuyu kilichoanguka, akakikung'uta majivu. "Kaa likikaa humu kidogo, hukisafisha kibuyu. Likisahaulika, hukitoboa. Hofu nayo, mwanangu, usiifunike moyoni. Itoe mapema, uniletee mimi. Michezo siikatazi. Katika mchezo wa Hinda, adui unamwona alipo, na una nafasi ya kufikiri. Katika ule wako mna watu wa kweli, na mtu wa kweli anaweza kuvaa jina lolote. Mchezo kama huo hauchezwi kwa siri, wala zawadi ya usiyemjua haipokelewi. Na anayeuliza ukoo wako akaficha wake, huyo si mgeni."

Adhana ya magharibi ikasikika. Ruweyda akalichukua koleo, lakini makaa yalikuwa yamegeuka majivu.

"Vibuyu vingine bado, hooyo."

"Viache. Kesho tukirudi kutoka polisi utavimalizia."

Hinda akamnyooshea simu yake kuukuu. "Jitu langu limezingirwa. Zamu hii nakuachia wewe. Lakini tuswali kwanza, litakungoja."

"Mpaka chai ipoe?"

"Mpaka kesho, walahi."

Ruweyda akaenda kutia komeo kwenye mlango wa bati. Akalijaribu mara moja, akalijaribu tena, kisha akaenda kutawadha.